Abdallah bin Hemedi Ajjemy: Katibu wa Mazinde na Kitabu Alichotuachia



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, katika majumba yetu mengi Unguja na Pemba kuna kasha au sanduku la marehemu babu. Ndani yake mna hati za shamba, tasbihi, pengine joho lililoliwa na nondo, na vitabu. Vitabu hivyo vina majalada ya ngozi nyekundu au nyeusi iliyopasuka migongoni, na kwenye ukurasa wa mwanzo pana maandishi kwa mkono: jina la mwenyewe, mwaka wa Hijria, na mara nyengine maneno ya wakfu. Wengi wetu hatuwezi kuyasoma. Tunalifunga kasha, na mchwa anaendelea na kazi yake.

Wakati huo huo, ulimwenguni wapo watu ambao kazi yao ni kukusanya vitabu vya namna hiyo. Wanatafuta chapa ya kwanza, jalada la ngozi, na juu ya yote, sahihi ya mtunzi mwenyewe. Kitabu ambacho kwetu kinakaliwa na vumbi, kwao kina bei. Hapo ndipo huzuka masuala katika familia: Je, inajuzu kukiuza? Ni cha nani? Na kama babu aliandika kuwa ni wakfu, inakuwaje?

Leo, inshaallah, tutayajibu masuala hayo, lakini tutapita njia ya mbali kidogo. Tutaeleza maisha ya Mwislamu mmoja wa Unguja aliyekwenda bara, akaishi Mazinde, katika Wilaya ya Korogwe ya leo, akawa katibu wa mtawala, kisha akaandika kitabu. Jina lake ni Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, na kitabu chake ni Habari za Wakilindi. Tumemchagua yeye kwa sababu bila ya kitabu chake sehemu kubwa ya historia ya watu wa Korogwe, Handeni na milima ya Usambara isingelitufikia kwa Kiswahili, na kwa sababu watoto wetu wengi hawajawahi kulisikia jina lake.

Nani alikuwa Abdallah bin Hemedi

Alizaliwa karibu na mwaka 1840, katika zama za Sayyid Said bin Sultan, pale Unguja ilipokuwa ndiyo makao ya dola. Nasaba yake ya Ajjemy inaelekeza Uajemi. Watu wa asili hiyo walikuwapo wengi katika pwani yetu, baadhi yao wakiwa askari na watumishi wa Masultani, wakaoa hapa, wakazungumza Kiswahili na wakawa watu wa hapa.

Alikulia katika mji uliokuwa na vyuo vya Qur-ani mtaa kwa mtaa. Mtoto wa wakati ule alianza na herufi, akaingia katika juzuu, na aliyejaaliwa kuendelea alisoma fiqhi na kujifunza hati nzuri. Kujua kuandika ilikuwa ni mali. Wafanyabiashara walihitaji wa kuwaandikia barua, watawala walihitaji makatibu, na aliyekuwa na kalamu hakukosa riziki. Kalamu hiyo ndiyo iliyomfungulia Abdallah milango ya bara.

Safari ya kwenda Usambara

Ili tufahamu safari yake, hatuna budi kutazama hali ya bara wakati ule. Katika milima ya Usambara alitawala Kimweri ye Nyumbai wa ukoo wa Wakilindi. Mji wake mkuu ulikuwa Vuga, juu milimani, na amri yake ilifika hadi karibu na pwani ya Tanga na Pangani. Sultani wa Unguja naye alikuwa na sauti katika miji ya pwani, kwa hivyo pande mbili hizi zilijuana, zikapelekeana zawadi na wajumbe.

Kimweri alifariki mwaka 1862 akiwa mzee sana, na hapo fitina ikaanza. Mjukuu wake, Shekulwavu, alikaa kwenye kiti cha Vuga. Lakini mtoto wa Kimweri, Semboja, hakuridhika kutawaliwa na mtoto wa nduguye. Semboja hakukaa milimani. Alikaa Mazinde, tambarare chini ya milima, mahali ambapo misafara ya biashara kutoka Pangani kwenda Upare, Kilimanjaro na Umasaini ilikuwa lazima ipite. Leo ukitoka Korogwe ukaipita Mombo kuelekea Same, unapita hapo hapo. Aliyekaa Mazinde alipata nguo, baruti na bunduki kabla ya aliyekaa Vuga, na bunduki ndizo zilizoamua mambo.

Ni katika miaka hiyo ya 1860, zama za Sayyid Majid bin Said, Abdallah alipopanda Usambara pamoja na Kiongwe, mjumbe wa serikali ya Unguja. Alikuwa bado kijana. Aliikuta nchi inavunjika. Semboja alishirikiana na wapiganaji wa nje, wakiwemo Wazigua wa upande wa Handeni, akamshinda Shekulwavu. Shekulwavu naye alifanya mapatano na Wabondei, na Wabondei wakainuka kuwafukuza Wakilindi waliokuwa wakiwatawala na kuwauza watu wao. Vuga ilichomwa moto. Ufalme ambao babu yao aliuunganisha kwa miongo mingi ukagawanyika mikononi mwa ndugu.

Katibu wa Semboja

Abdallah alibakia bara, akawa mtu wa Semboja na katibu wake. Tuizingatie kazi hii. Mtawala wa Mazinde alikuwa na mambo na Unguja, Pangani, Tanga, wafanyabiashara wa misafara na wasafiri wa Kizungu walioanza kupita. Barua zilikuwa zinakwenda na kurudi, na barua hizo ziliandikwa kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mwenye kuziandika na kuzisoma alizijua siri za pande zote mbili.

Katibu wa namna hiyo husikia mengi. Akikaa barazani jioni, wazee huzungumza nasaba zao, nani alimzaa nani, nani alipewa nchi ipi na nani alinyang’anywa. Mchana huona wajumbe wakipokelewa au wakirudishwa, na huwaona mateka wakipita. Abdallah aliyasikia ya kale kutoka kwa Wakilindi wenyewe, na ya zama zake aliyaona kwa macho.

Ndugu zetu, hapa hatutaki kumpamba mtu kupita kiasi. Semboja alikuwa mtawala wa biashara ya pembe na ya watumwa. Vita vya Wakilindi viliwatia utumwani watu wengi wasio na hatia, Washambaa kwa Wabondei, na njia yao ilikuwa ni kuteremshwa pwani. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa na Sayyid Barghash mwaka 1873, lakini bara watu waliendelea kukamatwa miaka mingi baada ya hapo. Abdallah alimtumikia mtawala huyo na alikula chakula chake. Hilo lazima lisemwe. Lakini alipokuja kuandika, kitabu chake hakikuficha kuwa watu waliuzwa, na kwamba dhulma hiyo ndiyo iliyowafanya Wabondei wainuke. Mwandishi wa mtawala angeliweza kuyafuta hayo yote kwa kunyamaza tu. Yeye aliyaweka.

Kitabu kinachoanzia upande wa Handeni

Habari za Wakilindi ni kitabu cha nathari, si utenzi. Kwa zama zake hilo ni jambo la kutajwa, kwani mwandishi wa Kiswahili aliyetaka kusimulia habari ndefu kwa kawaida aliishika njia ya tenzi. Abdallah aliandika kama mzee anayesimulia barazani: maneno mepesi, sentensi fupi, na mazungumzo ya watu ndani yake.

Kisa chake kinaanza katika milima ya Nguu, nchi ambayo kwa miaka mingi ilihesabiwa katika Handeni, na ambayo sasa kwa sehemu kubwa imo katika Wilaya ya Kilindi iliyokatwa kutoka Handeni mwaka 2002. Huko alizaliwa mtoto aliyeitwa Mbega. Meno yake ya juu yaliota kabla ya ya chini, na jamaa zake wakamhesabu kuwa ni kigego, mtoto wa nuhusi. Alipokua, wazee wake walipokufa, ndugu walimnyima urithi kwa hoja hiyo hiyo.

Mbega alikuwa mwindaji hodari wa nguruwe mwitu, mwenye mbwa wengi. Alihama akenda Kilindi, akafanya urafiki na mtoto wa mtawala wa huko. Siku moja kijana yule alikufa porini katika kuwinda. Mbega alihofia kulipizwa, akakimbia na wenzake hadi Zirai, kisha akaingia Usambara. Kila alipopita aliwapa watu nyama, nao wakampa vyakula vya shambani. Aliamua kesi zao kwa haki. Alipofika Vuga aliua simba usiku ule ule, na watu wakamtawalisha. Kizazi chake kikaitwa Wakilindi, kwa jina la pale alipotoka.

Msomaji Mwislamu ataona mara moja kwamba mengi katika kisa hiki ni mambo ya kabla ya Uislamu kuenea katika nchi zile. Kumnyima yatima urithi kwa sababu ya meno yake ni dhulma, na kuamini nuhusi ya namna hiyo ni jambo ambalo dini yetu imelikataza waziwazi. Lakini Abdallah hakulitupa. Aliliandika kama wenyewe walivyolieleza. Leo Handeni na Korogwe ni miongoni mwa sehemu zenye Waislamu wengi na misikiti mingi, na wajukuu wa watu wale wanaposoma kisa cha Mbega wanajua walikotoka na yale waliyoyaacha. Kama mwandishi angelichagua kuandika yale tu yaliyompendeza, wajukuu wasingelijua lolote.

Sehemu za mwanzo za kitabu ni mapokezi ya wazee. Kadiri kinavyosonga, kinafika kwa Kimweri na watoto wake, kisha vita vya Semboja. Hapo msomaji anahisi kuwa anayesimulia sasa alikuwapo.

Chapa ya Msalabani

Zama zilibadilika. Mwaka 1888 Wajerumani waliingia katika miji ya mrima, na watu wa pwani wakapigana nao wakiongozwa na Abushiri, ambaye alinyongwa Pangani mwezi wa Disemba 1889. Semboja alifariki mwaka 1895, na mwaka huo huo mtoto wake Mputa, aliyekuwa mtawala wa Vuga, alinyongwa na Wajerumani. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902. Njia ya misafara iliyoitajirisha Mazinde ikawa njia ya gari moshi. Abdallah mwenyewe alishika kazi chini ya serikali hiyo mpya upande wa Tanga, kama walivyofanya wengi waliokuwa na kalamu.

Katika miaka hiyo ndipo kitabu chake kilipochapwa, na mahali kilipochapwa kunawashangaza wengi. Kilitoka katika chapa ya wamishionari wa Kianglikana huko Magila, karibu na Muheza, pahala wanapopaita Msalabani. Kilitoka kwa sehemu tatu, moja baada ya nyengine, mpaka mwaka 1907, kwa herufi za Kizungu. Vilikuwa ni vijitabu vya kawaida tu, havikuwa na jalada la ngozi wala nakshi ya dhahabu.

Kwa nini Mwislamu wa Unguja apeleke kitabu chake kwa wamishionari? Jibu ni jepesi. Chapa ilikuwa huko. Unguja Sayyid Barghash alikuwa ameleta mashine ya kuchapa tangu karibu na mwaka 1880, na ilitoa vitabu vikubwa vya dini kwa Kiarabu, vikiwemo vya fiqhi ya Kiibadhi. Lakini kwa habari za Washambaa na Wazigua kwa Kiswahili, waliokuwa karibu na walio tayari walikuwa wale wa Msalabani. Hatuoni aibu kulisema hilo, na wala halimpunguzii mwandishi dini yake. Aliandika historia, na waliochapa waliichapa. Tunachojiuliza ni kwa nini sisi wenyewe hatukuwa tayari, na kama tuko tayari leo.

Kufariki kwake na safari ya kitabu

Abdallah bin Hemedi alifariki mwaka 1912. Tunamuomba Mwenyezi Mungu amsamehe makosa yake na amlipe kheri kwa alichokihifadhi.

Kitabu chake kilikaribia kufa pamoja naye. Vijitabu vya chapa ya kwanza vilikuwa vichache, karatasi yake ilikuwa hafifu, na unyevu wa pwani na mchwa wa bara havina huruma. Kilichokiokoa ni watu wachache waliokuwa wamekihifadhi. Katika miaka ya 1930 Roland Allen, padri wa Kiingereza aliyehamia Afrika Mashariki uzeeni, alikifasiri kisa cha Mbega kwa Kiingereza katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Mwanawe, J.W.T. Allen, alizikusanya sehemu zote tatu na kuzitoa upya kwa Kiswahili mwaka 1962, kisha tafsiri ya Kiingereza ikafuata mwaka 1963.

Allen huyo mtoto ndiye aliyezunguka pwani katika miaka ya 1960 akibisha milango ya majumba kama ya kwetu, akiomba kuona makasha ya mababu. Alichokipata kiliwekwa katika maktaba ya chuo kikuu Dar es Salaam, na orodha yake ilichapwa mwaka 1970. Tenzi, barua na vitabu vya fiqhi ambavyo wenyewe walidhani ni makaratasi ya kale tu, leo wanafunzi wanavisoma.

Katika miaka hiyo hiyo mwanahistoria Mmarekani, Steven Feierman, alikwenda Usambara, akakaa na wazee, akakilinganisha kitabu cha Abdallah na walichokisema wao. Kitabu chake mwenyewe kilitoka mwaka 1974. Hivyo katibu aliyekaa barazani Mazinde amekuwa shahidi ambaye kila anayeandika historia ya nchi ile hana budi kumsikiliza, hata pale anapotofautiana naye.

Vitabu vya ngozi vilivyomo majumbani mwetu

Sasa turudi kwenye kasha la babu.

Pwani yetu ilikuwa na ufundi wa vitabu tangu zamani. Mji wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, ulijulikana kwa mafundi wake wa ngozi na kwa waandishi wa misahafu yenye nakshi. Lamu, katika Msikiti wa Riyadha uliojengwa na Habib Saleh na wenzake, kumehifadhiwa vitabu vingi vya mkono, na vingi kati ya hivyo vina maandishi ya wakfu kwenye kurasa zao za mwanzo: nani alikitoa, na kwamba kimetolewa kwa ajili ya wanafunzi. Vitabu hivyo vimepigwa picha za kielektroniki kwa msaada wa Maktaba ya Uingereza, na vyenyewe vikabaki Lamu.

Hapa ndipo tofauti ilipo baina ya sahihi ya mkusanyaji na sahihi ya mzee wetu. Mkusanyaji huitafuta sahihi kwa sababu inaongeza thamani ya kitu anachokimiliki. Mzee wetu aliandika jina lake mara nyingi kwa kusudi la kukitoa kitabu katika milki yake. Mmoja anaandika ili kitabu kiwe changu, mwengine ili kiwe cha Mwenyezi Mungu.

Kuhusu hukumu, tunaeleza kwa ufupi.

Kwanza, ikiwa kitabu kimewekwa wakfu, basi hakiuzwi, hakitolewi zawadi wala hakirithiwi. Asili yake ni mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kwa Sayyidna Umar (R.A.) kuhusu ardhi yake ya Khaybar: asili ya mali hubakia na manufaa yake hutolewa. Manufaa ya kitabu ni kusomwa. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, wameshikilia sana jambo hili. Wanazuoni wa Kihanbali wameruhusu kubadilishwa wakfu uliokwisha manufaa kabisa, lakini hilo ni la kuamuliwa na kadhi. Mtu mmoja hana ruhusa ya kuliamua peke yake sebuleni. Ukiona maandishi ya wakfu, au hata ukiyashuku, mpelekee sheikh anayeyasoma, au uende Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Pili, ikiwa hakuna wakfu, kitabu ni mirathi kama mirathi nyengine. Ni cha warithi wote kwa mafungu yao, akiwemo shangazi aliyeolewa mbali na yatima ambaye hajabaleghe. Mtoto aliyebaki katika nyumba hana haki ya kukiuza peke yake kwa kuwa tu ufunguo wa kasha uko kwake. Haya yanatokea, na yamevunja udugu.

Tatu, msahafu una heshima yake. Katika madhehebu ya Shafi kuuuza msahafu kunajuzu lakini kunakirihishwa, na bora ni kumpa anayeusoma.

Nne, kukusanya vitabu kwenyewe si haramu. Kupenda kitabu kizuri na kukijalidi kwa ngozi ili kidumu ni jambo jema kwa mwenye uwezo, na wanazuoni wetu wengi walitumia mali zao katika vitabu. Kinachochukiza ni kujifakharisha na israfu: mtu akanunua kwa fedha nyingi kitabu asichokusudia kukisoma wala kumruhusu mwenziwe akifungue, ili mgeni akione kabatini. Na kinachochukiza zaidi ni kuwanunulia wasiojua kwa bei ya bure, huku mnunuzi akijua wazi thamani yake na akiwaambia kuwa ni takataka. Hiyo ni ghushi, na ghushi haina baraka.

Mafunzo tunayoyapata

Katika maisha ya Abdallah bin Hemedi tunapata mafunzo haya:

1. Elimu ya chuoni ni mtaji. Kijana aliyefunzwa kusoma na kuandika Unguja alikwenda nchi ya ugeni na akapata nafasi kwa sababu ya kalamu yake.

2. Anayeandika ahifadhi ukweli hata ukimgusa bwana wake. Kalamu ni amana, na yaliyoandikwa huishi baada ya mwandishi na bwana wake wote wawili.

3. Tusidharau historia ya watu wa bara. Visiwa na Handeni, Korogwe, Tanga na Pangani vimeunganishwa kwa biashara, ndoa, dini na, tukubali, kwa machungu ya utumwa. Anayeijua historia hiyo yote huwa mwadilifu zaidi anapozungumza juu ya ndugu zake.

4. Thamani ya kitabu haimo katika jalada. Habari za Wakilindi kilitoka kama vijitabu dhaifu, na mpaka leo kinasomwa. Na yapo majalada mazuri ya ngozi ambayo ndani yake mchwa amebakisha vumbi.

5. Tusingoje wageni watuhifadhie. Tunawashukuru waliohifadhi, wakiwa Waislamu au si Waislamu. Lakini kila kitabu kilichookolewa na mgeni ni ushahidi kuwa mwenyewe alikuwa amelala.

Tunaziomba familia zetu zifanye jambo moja wiki hii. Lifungueni kasha. Vitoeni vitabu, vifuteni vumbi kwa kitambaa kikavu, msivianike juani, na msivibandike kwa gamu wala selotepu. Vipigeni picha ukurasa wa mwanzo na wa mwisho, kwani huko ndiko majina na miaka iliko. Muiteni mzee anayeisoma hati ile angali hai. Andikeni alichokisoma, na waambieni watoto. Kama hamna mahali pakavu pa kuviweka, Nyaraka za Taifa hapa Zanzibar wana ujuzi wa kuhifadhi, na mnaweza kuwataka ushauri bila ya kuwapa kitabu.

Na aliye na uwezo wa kuandika, aandike. Wazee wa Makunduchi, Tumbatu, Micheweni na Mkoani wana habari zao kama walivyokuwa nazo wazee wa Mazinde. Wanaondoka mmoja mmoja, na hakuna katibu barazani.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) amrehemu Abdallah bin Hemedi, awarehemu wote waliodhulumiwa katika zama zile, atulinde na kula mali ya wakfu na ya yatima, na ajaalie elimu waliyoiacha wazee wetu iwe ni sadaka yenye kuendelea kwao. Amin.

Wallahu aalam.